Darubini ya Sukari

Mimi ni fundi wa mizani. Karakana yangu iko Buyenzi, avenyu ya kumi na nne, kati ya mshona viti vya gari na muuza misumari, na kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kuwaumbua waongo. Mwenye duka analegeza springi ili gramu mia tisa zionekane kilo, mimi naikaza. Mama wa sokoni anaweka jiwe mahali pa nusu kilo. Mimi nalipima jiwe na kutaja uzito wake mbele ya wateja. Sipendwi sana. Lakini mwaka 1998, kila mtu mjini akiwa na habari zake za vita, nani kaua nani, nani ataingia lini na kwa barabara ipi, mimi nilikuwa na raha yangu moja: shaba ya kilo moja ilikuwa kilo moja asubuhi, na jioni ilikuwa kilo moja bado.

Mwezi wa tatu mwaka huo nilinunua pale bandarini katoni ya vyombo vya zamani, vilivyovushwa kutoka Kongo. Wapakuzi waliviuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na kibomba kimoja cha chuma, urefu wa shibiri. Mwisho mmoja unaweka jicho. Mwisho wa pili una kioo kilichokatwa mshazari na kifuniko chake cha plastiki. Unadondosha tone la kitu kitamu juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Utaona buluu juu, nyeupe chini, na mahali rangi mbili zinapokutana kuna mstari. Mstari unasimama kwenye namba, na namba hiyo ndiyo sukari. Wenye elimu wanaiita refraktometa. Sisi tuliiita darubini ya sukari. Ujanani niliwahi kuitumia kwa wakulima wa miwa, kwa hiyo niliifahamu vizuri kwa maji ya miwa, na kwa maji ya miwa tu.

Ilikaa kwenye rafu miezi minne bila mtu kuiulizia. Kisha akaja Mama Irène.

Jina lake Scholastique. Alikimbia kutoka Bukavu pamoja na mume na binti, akapanga nyumba avenyu ya pili kutoka kwangu, akaanza kupika pombe ya ndizi. Warundi wanaiita urwarwa, watu wa kwao wanaiita kasiksi, na mimi siinywi kwa jina lolote maana ni haramu kwangu. Lakini masikio ninayo. Makanika wote wa mtaa, wale wasiosali, walikuwa wanafunga kazi mapema siku ya Jumamosi kwa ajili yake. Walisema haijawahi kuwa nyepesi, haijawahi kuwa nzito, na kwamba yule mama anachovya kidole mara moja tu na tayari anajua ni maji kiasi gani ya kuongeza. Mumewe, Cirimwami, aliuawa barabarani mwezi wa saba mwaka uliotangulia, akiwa amekwenda Ruziba kutafuta ndizi. Mama Irène aliendelea kupika, amevaa nguo nyeusi.

"Papa Houda," aliniambia, maana binti yangu wa kwanza ni Houda, "banasema we uko na kitu ya kupima sukari."

"Iko. Lakini we mupishi mukubwa, ulimi wako si njo kipimo? Unataka chuma juu ya nini?"

Nilikuwa namtania. Hakucheka. Aligeuka kuangalia kama mshona viti anasikiliza, akavuta kigoda, akakaa.

"Ulimi yangu ilikufa," alisema.

Nilikumbuka. Mwezi wa kwanza bomu lilianguka nyuma ya nyumba zao, ukuta ukabomoka, tofali likampiga kisogoni. Alishonwa, akapona, wote tukamshukuru Mungu. Kumbe kuna kilichobaki chini ya lile tofali.

"Chumvi, sukari, pilipili, yote kwangu ni maji," alisema. "Arufu pia sisikie. Mavi ya mbuzi na manukato, sawasawa. Miezi sita niko nabahatisha tu, Papa Houda. Batu bameanza kununa. Juzi mutu moja aliacha kikombe nusu. Mi sijawahi kuona mutu anaacha pombe yangu nusu."

"Irène aonje."

"Irène ameokoka. Kanisa yake inakataza hata kulamba. Na akijua atalia, akilia jirani batajua. Nani atanunua pombe ya mupishi mwenye hana ulimi?"

Kisha akaniambia lililomleta. Baada ya wiki tatu walikuwa wanaondoa matanga ya Cirimwami, mwaka umetimia. Katika ukoo wa mumewe, pombe ya siku hiyo lazima itoke mkononi mwa mjane mwenyewe. Yeye ndiye anayekunywa wa kwanza mbele ya watu wote, kisha anampa kikombe mkubwa wa ukoo. Kikombe kikirudi kitupu, kilio kimekwisha na mjane anavua nguo nyeusi. Mkubwa wa ukoo sasa alikuwa shemeji yake Gaspard, ambaye angevuka mpaka kutoka Uvira kwa ajili ya siku ile.

"Ikiharibika siku ile, mbele ya bote, njo nimekwisha," alisema. "Na Cirimwami mwenyewe, siwezi kumuaga na maji machafu."

Nilimuuzia kwa bei ya kuku mmoja, na kuku mwenyewe mwembamba. Msinisifu, hakuna mwingine aliyeitaka.

Lakini sikumruhusu aondoke nayo siku ile. Kipimo kisichosawazishwa ni mwongo aliyevaa suti. Nilimwambia arudi kesho, na kesho yake nilifunga mlango wa karakana nusu ili watu wasichungulie, nikaanza kazi ninayoipenda kuliko kula.

Kwanza maji. Kusawazisha kunataka maji matupu kabisa, yasiyo na chochote. Jirani yangu anauza maji ya betri katika chupa zenye kifuniko cha buluu, lakini nimeshamwona kwa macho yangu akizijaza kwenye bomba. Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya mvua ya mwezi wa nne, niliyoyakinga nje katikati ya uwanja, mbali na bati. Nilidondosha tone. Mstari ukasimama kwenye tatu. Maji ya mvua, na darubini inaona sukari tatu! Ndiyo maana nasema.

Pili joto. Chombo hiki kimetengenezwa kwa nyuzi ishirini, na Buyenzi saa nane mchana hata kivulini ni ishirini na tisa. Niliviweka chombo na maji pamoja kando ya mtungi, juu ya sakafu yenye unyevu, tukangoja saa nzima. Mama Irène alikuwa ananiangalia kama anayemngoja daktari. Baada ya hapo nilishika bisibisi ndogo ya saa na kuzungusha skrubu iliyo juu ya kioo, kidogo, kidogo tena, mpaka mstari ukalala kwenye sifuri.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilitaka ushahidi wa pili. Nilinunua sukari, ambayo mwaka ule wa vikwazo vya nchi jirani ilikuwa inauzwa kama dawa, na kwa kuwa wenye maduka wanainyunyizia maji ili iongezeke uzito, niliianika juani juu ya karatasi mpaka ikakauka. Nikapima gramu kumi juu ya mizani yangu mwenyewe, na maji ya mvua gramu tisini. Nikakoroga. Tone moja. Mstari ukasimama kwenye kumi, hauko juu, hauko chini.

"Angalia," nilimwambia.

Aliweka jicho. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo umefunguka.

"Naiona," alisema. "Papa Houda, sukari njo hii? Naiona!"

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Tulikubaliana kwamba juisi ya ndizi itiwe maji mpaka isome kumi na sita, kwa sababu ndivyo ilivyosoma juisi ya mpishi mmoja wa Bwiza anayesifiwa, ambayo Mama Irène aliniletea katika chupa. Akaniuliza: na mwisho je? Nitajua namna gani kama imeiva?

"Sukari inaliwa, inageuka kilevi," nilimjibu. "Ikiisha yote, mustari utashuka mpaka sifuri. Ukifika pale, itie mu bidoni, ufunge kifuniko."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Na hapo ndipo nilipomharibia.

Ukweli nilikuja kuambiwa baadaye na Hamimu, mzee aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya bia. Darubini hii inasoma jinsi mwanga unavyopinda. Katika juisi, kinachoupinda ni sukari. Lakini kilevi nacho kinaupinda, kwa namna yake, kwa hiyo pombe iliyokwisha kuiva kabisa bado itaonyesha namba, sita, saba, kana kwamba sukari imebaki. Haitafika sifuri hata ukiingoja mpaka kiama. Wapishi wa bia wana jedwali la kusahihisha. Mimi sikulijua, maana maji ya miwa niliyoyapima maisha yangu yote yalikuwa ya kuchemsha sukari, hayakuachwa yachachuke. Mlevi yeyote wa mtaa angeonja na kusema "imeiva". Lakini siri ilikuwa ya watu wawili: mmoja hana ulimi, na mwingine dini yake haimruhusu kuutumia.

Jumamosi, wiki moja kabla ya siku yenyewe, walikamua. Ndizi zilikuwa zimevundikwa shimoni siku nne. Irène alivua viatu, akafunga kitenge juu ya magoti, akazikanyaga pamoja na majani makavu ndani ya muvure, ule mtumbwi wa mbao wa kupikia, huku akiimba nyimbo za kanisani. Kukanyaga hakukatazwi na mchungaji, kulamba ndiko. Mama yake alimwambia darubini ni ya kuangalia uchafu. Juisi ilisoma ishirini na mbili. Wakatia maji mpaka kumi na sita, wakatia unga wa mtama uliokaangwa, wakafunika kwa majani ya mgomba. Jumapili ilisoma kumi na mbili. Jumatatu, tisa. Kila asubuhi aliniletea namba kama mtu anayeleta salamu, na mimi niliziandika kwa chaki ukutani.

Jumanne alisema saba, lakini alisimama mlangoni bila kuondoka.

"Povu imetulia, Papa Houda. Zamani, siku kama hii nilikuwa nafunga mu bidoni."

"Saba si sifuri."

"Lakini macho yangu inaniambia imeisha."

"Macho!" Nilipandisha sauti, tabia yangu mbaya. "Kila mutu hapa mujini anaamini macho yake, njo maana wanaibiwa. Namba haisemi uongo, Mama Irène. Sukari saba ingali mule. Ongeza unga, koroga vizuri, acha wazi ipate hewa."

Alinitazama kidogo. Alikuwa amepika pombe tangu akiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

"Haya," alisema. "We njo fundi."

Jumatano saba. Alhamisi saba. Ijumaa nilikwenda mwenyewe asubuhi, nikaikuta darubini dirishani kwake, nikaisawazisha upya kwa maji ya mvua: sifuri kamili. Chombo hakikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililonitia kiburi. Muvure ulikuwa stoo, nyuma ya nyumba. Sikuingia. Mambo ya pombe, nilijiambia, mimi yananihusu nini.

Jumamosi saa mbili nilipeleka mabenchi manne ya madrasa, kama majirani wanavyosaidiana. Nilikuwa bado sijashusha la kwanza pale nyuma ya nyumba nilipoisikia ile harufu. Mama yangu alikuwa anatengeneza achari ya maembe, na siku alipofungua mtungi wake nyumba nzima ilikuwa inanuka hivi. Irène alikuwa anapanga sahani hatua tatu kutoka mlango wa stoo, hana habari. Kwake pombe yote inanuka vibaya. Mama Irène alikuwa ndani, ameinama juu ya muvure, anakoroga. Uso wake ulikuwa juu kabisa ya ile harufu, na alikuwa anatabasamu.

"Imefika sita na nusu," aliniambia.

Nilichukua kikombe, nikachota. Alishangaa, akanyoosha mkono kunizuia. Kwetu pombe ni haramu, lakini pombe ikigeuka siki yenyewe, siki ni halali. Hilo nilifundishwa madrasa nikiwa mtoto. Nilisema bismillahi, nikanywa funda moja. Lilinikwaruza mpaka kifuani.

"Hii," nilimwambia, "mi naweza kunywa."

Alikuwa ameishi miaka karibu miwili katikati yetu, anajua kinachoingia kinywani mwetu na kisichoingia. Alielewa mara moja. Aliweka mwiko chini polepole, akakaa kwenye ukingo wa muvure.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuambia ungoje."

"Macho yangu ilisema."

"Ilisema kweli, Mama Irène. Mi njo nilisema uongo."

Nimeona aibu mara chache maishani. Kwa kuwa sikujua la kufanya na ile, nilianza kupanga hila, mimi mwenye kuumbua waongo. Nikasema tuupindue muvure. Tuseme mbuzi wa jirani ameingia. Tutanunua kreti za bia ya kiwandani, nitachanga mimi, hakuna atakayejua.

Aliuokota mwiko, akauegemeza ukutani.

"Cirimwami alikufa juu ya ndizi za pombe yangu," alisema. "Leo nimudanganye na mbuzi? Apana."

Walirudi kutoka misani saa tano, watu kama arobaini, wakakaa haraka kwa sababu kila mtu alitaka kuwa kwake kabla ya saa za usiku zilizokatazwa kutembea. Gaspard alikaa katikati, mtu mrefu mwenye koti la kijivu lililokuwa kubwa kwake. Mimi nilikaa pembeni na chupa yangu ya Fanta kama kawaida. Makanika wangu walikuwepo wote, wamesugua mikono kwa sabuni, na walipoanza kunusa hewa niliona wanatazamana.

Mama Irène alitoka na kikombe kimejaa. Alisimama mbele ya shemeji yake, akanywa funda lake la kwanza mbele ya watu, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Kisha hakumpa kikombe. Alikishika kifuani.

"Shemeji, mbele ya kunywa, usikie," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Hii pombe imekuwa siki. Batu bote munaisikia, mi njo siisikie. Tangu ile tofali ya mwezi wa kwanza, ulimi yangu na pua vilikufa. Nilificha. Nilinunua chombo ya kuona sukari, nikangoja namba, ikanipita. Nilitaka kumuaga ndugu yako na nzuri kuliko zote. Njo hii tu niko nayo."

Irène alikuwa amebeba sinia. Aliliweka chini. Mtu mmoja nyuma alisema "Mungu wangu". Nilisimama nikasema kosa lilikuwa langu, kwamba namba ni mimi niliyompa. Sijui kama kuna aliyenisikiliza.

Gaspard alinyoosha mikono yote miwili na kukipokea kikombe. Alikunywa bila kupumzika. Koo lake lilipanda na kushuka, macho yakamtoka machozi, ya siki au ya nduguye sijui, na alipomaliza alikigeuza kikombe chini juu ili kila mtu aone ni kitupu.

"Miaka yote Cirimwami alikuwa ananiambia pombe ya muke wake," alisema, akipangusa mdomo. "Mi nilikunywa nzuri yake mara nyingi. Leo nimekunywa mubaya yake, na sikufa. Kilio imeisha, Scholastique. Vua nyeusi."

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini Irène alikichukua kile kikombe mkononi mwa baba yake mkubwa, akaingia stoo, akatoka nacho, na mbele ya mama yake, mbele ya wanakwaya wenzake wawili waliokuwa wamekaa benchi la mwisho, akanywa. Alikunja uso wote. Alikohoa.

"Iko mukali, mama," alisema. "Kama ndimu, lakini ndimu ilioza. Inachoma hapa, na hapa." Aligusa koo, akagusa taya. "Unasikia? Njo vile iko."

Mama Irène alikuwa anamsikiliza kwa kinywa kimefunguka, kama siku ile alipoweka jicho kwenye darubini.

"Wiki yenye kuya nitakuonjea mapema," Irène alisema. "Siku ya tatu. Siku ya ine."

"Na pasta?"

"Pasta hana mama mwenye kupika pombe."

Hapo ndipo Mama Irène alipolia, na hakujificha.

Darubini anayo mpaka leo, na anaitumia kwa juisi mbichi tu, kabla ya kutia unga. Baada ya hapo anamwita binti yake. Zile namba za chaki zilibaki ukutani kwangu, kumi na sita, kumi na mbili, tisa, saba, saba, saba. Wateja wakiniuliza ni za nini, nawaambia ni mizani moja niliyowahi kuitengeneza vibaya.